Nyuzi Zilizochemshwa

Gitaa lenyewe lilikuwa zuri, ila nyuzi zake zilinuka. Birika aliinama azinuse, akainua pua haraka. Ilikuwa harufu ya soksi iliyosahauliwa ndani ya kiatu, na chini yake harufu nyingine, tamu tamu, ya nyama iliyoanza kuharibika. Kama unakula, weka sahani kando kwanza. Hadithi hii haina adabu za mezani.

Birika alikuwa mpiga besi wa kwenye maharusi, na jina hilo alipewa na wenzake kwa ajili ya mkono wake wa birika, maana kumtoa huyu bwana pesa mfukoni ilikuwa shughuli pevu. Gitaa alilozoea kupiga lilikuwa la kiongozi wa bendi, na siku bendi ilipovunjika liliondoka na mwenyewe. Mwimbaji alikuwa mkewe. Wakakubaliana wanunue vyombo vyao, warekodi nyimbo chache nyumbani, wawasikilizishe watu, kazi zije. Kodi, unga, dawa za presha za mama mkwe, vyote vilitegemea koo la mwanamke yule. Hawakuwa na mtaji mwingine.

Birika akazunguka madukani mpaka wauzaji wakamchoka. Alikuwa mjuzi, tumpe haki yake. Alifumba jicho moja akautazama mkono wa gitaa kama seremala anavyotazama ubao, aone kama umepinda. Alizungusha vitufe vya amplifaya akisikiliza kama vinakwaruza. Kila kizuri kilimshinda bei. Mwisho akaelekezwa kwa mjane wa mpiga besi mmoja wa zamani. Mama huyo alikuwa anauza kila kitu kwa pamoja: gitaa, amplifaya ndogo, maikrofoni, hedifoni, na kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Bei ilikuwa ya kutupa.

Mjane aliongea akiwa amesimama mlangoni, ameziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Kaka yangu, nyuzi usizitoe. Wala usizioshe."

"Kwa nini, shemeji?"

"Marehemu hakuziosha hata siku moja. Alikuwa analamba vidole kwanza, ndiyo anapiga. Alisema kuna mtu wake humo, anamlisha." Akashusha sauti. "Ukishanunua, usinirudishie."

Birika alicheka moyoni. Wapiga besi wengi hawabadilishi nyuzi, wanasema uchafu wa vidole ndio unaonenepesha sauti. Akaona ni yale yale, akalipa, akabeba.

Nyumbani akagundua sauti imekufa kabisa, bu, bu, kama mtu anayepiga godoro. Nyuzi mpya zilikuwepo madukani. Lakini kila mpiga besi mwenye mfuko mwembamba anaijua dawa: unazifungua nyuzi, unazichemsha, uchafu unatoka, zinalia kama mpya. Swali lilikuwa sufuria. Birika akachukua ile ya maharage.

Salaale! Maji yaligeuka kijivu, yakatoa mafuta ya njano yaliyotembea juu juu, kisha likapanda povu zito lenye vinywele na magamba madogo meupe, na katikati ya povu pakaelea ukucha. Akautoa kwa kijiko. Ndiyo, kijiko cha kulia. Kisha akamwaga maji, na kwa kuwa sabuni nayo inanunuliwa, sufuria akaisuuza kwa maji baridi tu, akairudisha mahali pake.

Jioni mama mkwe akapika maharage humo humo. Yeye mwenyewe hakula, tumbo lilikuwa linamsumbua. Birika alimwona mkewe akijaza sahani, akiongeza, akikomba mchuzi kwa mkate. Akafungua mdomo aseme, akaufunga. Aseme nini? Akasingizia kuwa ameshiba.

Kesho yake mchana wakarekodi. Nyuzi zililia vizuri mpaka Birika akajipongeza. Lakini aliposikiliza kwenye hedifoni, chini ya sauti ya mkewe palikuwa na kitu kingine, cha majimaji: mtu analamba vidole, taratibu, kimoja kimoja, kisha anameza. Akakagua waya. Akachomoa, akachomeka. Ile sauti ilikuwa pale pale. Alipovua hedifoni, sponji zake zilikuwa zimemwachia masikioni mafuta ya njano yenye harufu ile ile.

"Ulikuwa unakula wakati unaimba?"

"Mimi? Wee, vipi?" mkewe alijibu. Alikuwa na vidole viwili mdomoni.

Basi mwanamke akaanza kuharibika. Sauti yake ilishuka ikawa nzito, ya kiume. Maji ya kuoga hakuyataka tena, jasho likamganda shingoni kama samli, na nyumba nzima ikanuka soksi na nyama, mapazia yakanuka, mkate ukanuka, hata maji ya kunywa ukiyatia mdomoni yakawa na utelezi, mpaka alasiri moja mama mkwe akaingia jikoni akamkuta mwanawe amejikunja chini ya meza, ameikumbatia ile sufuria, anailamba, ulimi umechubuka unatoka damu na bado anailamba, huku tumboni mwake, si mdomoni, tumboni, kunatoka ngurumo ya chini kabisa, ya uzi mnene wa besi ulioguswa ukaachwa utetemeke wenyewe.

Mama mkwe alimvuta Birika mkono. "Baba," alinong'ona, "huyu si mwanangu. Mwanangu ana kinyaa hata na kikombe cha mwenzake."

Mke akainua uso, kidevu kimelowa. Akamtazama Birika.

"Umenichemsha," alisema kwa ile sauti nzito. "Nilikuwa nimetulia zangu."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyefika amevaa glovu za mpira kama mtu anayekuja kuzibua choo. Alinusa mlangoni, akageuka akatema nje.

"Ptuu! Amelishwa nini huyu?"

Birika akatazama sakafu, kisha akasema yote, maneno ya mjane, nyuzi, povu, ukucha, sufuria, na ile sabuni aliyoionea uchungu. Mama mkwe aliziba mdomo akakimbilia nje kutapika. Aliporudi, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Sabuni, baba? Unaniulia mwanangu kwa sabuni?"

"Hili ni jini la uchafu," mganga alisema. "Marehemu alilifuga kwenye nyuzi, akawa analilisha jasho la vidole vyake. Wewe umelichemsha likatoka humo, likahamia tumboni kwa mkeo. Kutoka litatoka, lakini haliendi hewani. Linataka mkono wa mtu. Likikosa mkono, litakula hilo koo mpaka liishe."

Birika akamtazama mkewe, aliyekuwa anajikwangua shingo kwa kucha. Akanyoosha mkono wa kulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza bei.

Mganga akamminya mgonjwa tumbo huku akinuizia maneno yake. Kikaanza kutoka mdomoni kitu kirefu, cheusi, chenye utelezi na vinywele, kikajikunja sakafuni, kikaendelea kutoka.

"Kiokote, ukirudishe kwenye nyuzi! Usisite!"

Birika akakiokota kwa mkono mtupu. Kilikuwa cha moto, na kilikuwa kinapumua. Akakipaka kwenye nyuzi, uzi mmoja, wa pili, wa tatu, naye anatapika juu ya miguu yake mwenyewe lakini hakiachi, mpaka kikaisha chote.

"Mkono huo usiguse maji," mganga alisema akivua glovu. "Na upige kila siku. Likishinda na njaa, litajitafutia lenyewe."

Mke alipona. Sauti yake ilirudi, wakarekodi, kazi zikaja, na watu wanasifu besi ya Birika kwa unene wake. Yeye mkono wa kulia anauvisha soksi. Anakula kwa kushoto, peke yake, kwenye sahani iliyotiwa alama. Mkewe anampenda, hilo halina ubishi, lakini akipita karibu naye anabana pumzi, na kitandani kuna mto katikati yao. Birika anaulinda ule mto kuliko mkewe anavyoulinda.

Majuzi alasiri alikuwa anasikiliza wimbo mpya kwenye hedifoni. Akasikia mtu analamba vidole, taratibu, kimoja kimoja. Alikuwa hajapiga tangu juzi yake. Akasimamisha rekodi. Ulambaji ukaendelea. Akachomoa waya kwa mkono wa kushoto. Ukaendelea. Ndipo alipotazama chini, akaiona soksi iko sakafuni.

"Kuna nini huko?" mkewe aliuliza kutoka chumba cha pili.

Birika alitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa.