Wageni wa Jiko la Bandari

Dengu zilitoka chapwa tena. Mimunt alikuwa ametia chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akaonja, zimekolea. Zilipofika mezani wajenzi wa bandari mpya ya pwani ya Rif wakazisukuma kando.

"Bi Mimunt, hizi umempikia mgonjwa au majini?" akauliza msimamizi Hammadi. "Kesho zikiwa hivi, natafuta mpishi mwingine."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimunt hakucheka. Mumewe Buziyan alikuwa kitandani mwaka wa pili, mgongo umekataa, na jiko hilo ndilo lililowalisha. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kucha.

Kesho yake asubuhi, akiwa na Wardiya muosha vyombo, alisikia kitu kikilamba ndani ya sufuria iliyofunikwa, taratibu, kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi, na harufu ya baruti na mwani mbichi ikapanda ikajaa jikoni, na alipofunua hakukuta ila mvuke, na kule kulamba kukaendelea, sasa nyuma ya sikio lake.

"Dada, twende zetu," Wardiya alinong'ona.

"Twende wapi? Nina mgonjwa mimi."

Wakamwita faqihi Si Allal, msomaji wa kutoa majini. Akafukiza, akasoma, mpaka Wardiya akaanguka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya kikongwe.

"Tulikaa kwenye mwamba wa pwani tangu enzi za babu zenu. Mmeulipua ili mpate kina cha meli. Watoto wetu hawali chumvi; tunailamba itoke ndipo wale. Tumechoka."

Mimunt aliujua mwamba huo. Mama yake alikuwa akiupelekea uji usiotiwa chumvi.

"Tokeni!" faqihi alifoka.

"Tutoke twende wapi?"

Huruma ikamshika Mimunt, na mdomo ukamtangulia. Akasema vile wanawake wa kwao wamwambiavyo kila mgeni aliyechoka: "Karibuni, nyumba yangu ni yenu."

Faqihi akafunga msahafu. "Umesema nini, mama?"

Wardiya akazinduka, akaomba maji. Mchana huo dengu zilikolea, Hammadi akaongeza sahani ya pili. "Mkono umerudi, Bi Mimunt!"

Alasiri Mimunt akaenda nyumbani mbiombio. Harufu ya baruti ilimpokea uani. Buziyan alikuwa amesimama jikoni, mgongo umenyooka, anakoroga uji.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka. "Watoto wana njaa."

Hawakuwahi kujaliwa mtoto. Mimunt akaingia, miguu ikimuuma, akauliza atoe mabakuli mangapi.