Boksi la Tatu la Kuomba Radhi

Tetsuji alikuwa na miaka sitini na moja tu. Zamani mtaa wao katika mji wa Matsue, Japani, ulimsifu kwa adabu. Siku hizi alikula wali na supu ya mkewe, Fumie, bila kusema asante, kisha akatoka. Aliingia duka la Mzee Nosaka, akachukua maandazi ya maharage matamu, akala na kuondoka bila kulipa.

Fumie aliona haya kupita kiasi. Akafanya alivyofunzwa na mama yake: akanunua boksi la biskuti, akalifunga vizuri, akaenda kuinama na kuomba radhi. La kwanza alimpa Mzee Nosaka, la pili jirani aliyetukanwa. La tatu alimpelekea Odagiri, muuguzi wa nyumba ya pili. Tetsuji alikuwa amecheka kwenye msiba wa mama wa muuguzi huyo.

Odagiri hakulipokea. "Unaomba radhi ya nini, Bi Fumie?"

"Mume wangu amekuwa mtu mbaya. Nimechoka, jirani. Nahamia kwa dada yangu."

"Mtu wa umri wake hageuki hivi hivi. Huenda anaumwa. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoshika adabu na huruma, nayo huweza kunyauka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpeleke hospitali."

Hospitalini Tetsuji alipimwa, akapigwa picha ya kichwa. Ulikuwa ugonjwa huohuo. Kisha daktari akaomba damu yake kwa utafiti.

"Itamponya?" Fumie akauliza.

"Hapana, mama, sikudanganyi. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Tunatafuta alama ya ugonjwa ndani ya damu, ili wengine wagunduliwe mapema, kabla hawajaitwa watu wabaya. Tunahitaji pia damu ya asiyeumwa, tulinganishe."

Fumie akakunja mkono wa blauzi. "Basi chukueni na yangu."

"Yangu nyekundu zaidi," Tetsuji akasema. Fumie akacheka, mara ya kwanza tangu masika.

Waliporudi, Fumie alimweleza Mzee Nosaka ukweli.

"Kumbe shemeji mgonjwa, nami namnunia," mzee akasema. Tangu hapo humwekea Tetsuji maandazi mawili kila asubuhi, na Fumie huyalipia mapema.

Kwa dada yake hakuhamia. Jioni ile alichemsha chai, akalifungua boksi la tatu. Tetsuji akala biskuti nne mfululizo, bila kusema asante. Fumie akamsogezea ya tano.