Picha Iliyotokea Ofisini

Tangu mama yake avunjike mguu, kila siku Chiriku alirudi kutoka shuleni mbio. Alibadilisha sare, akapasha chakula, kisha akampelekea mama chai sebuleni, kwenye meza iliyogeuzwa ofisi. Chiriku lilikuwa jina la utani, na lilimkaa sawasawa: binti huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na mdomo usiojua likizo.

Mama alikuwa karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Kompyuta yake ya kazi ilibaki ofisini, mezani pake, nayo aliitumia kwa mtandao kupitia kompyuta ndogo ya nyumbani. Alichoandika hapa kiliandikwa kule. Akitaka kuchapisha, ilimbidi kwanza achague printa ya nyumbani. Akisahau, karatasi zilitokea ofisini, kwenye printa iliyo jirani na meza ya mapokezi.

"Ukiikuta imefunguliwa, usiiguse," alimwonya Chiriku. "Hizo ni kazi za watu."

"Sawa, Mama."

Sawa gani! Siku hiyo mama alijikongoja na magongo yake kwenda kuoga, na huyo Chiriku kitini. Alifungua ukurasa wa kuchorea, akamchora Bwana Meneja, ambaye alimjua kwa sauti tu, maana akipiga simu husikika hadi jikoni. Alimpa kichwa cha boga na mdomo mpana kama ndoo. Chini akaandika: BWANA KELELE. Akacheka peke yake, akabonyeza ichapishwe. Printa kimya. Akabonyeza tena, na tena. Kimya. Basi akaifuta picha, akaenda kuosha vikombe.

Hajamaliza, simu ya mama ikalia. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka bafuni.

"Nani anakalia meza yako huku?" Sauti ya meneja ilijaa nyumba nzima. "Picha tatu za kunitukana zimetoka kwenye kompyuta yako, mbele ya wateja!"

"Mimi nilikuwa naoga, Bwana Meneja."

"Sikushuku wewe. Ni huyu wa mapokezi. Asubuhi nimemkaripia kwa kuchelewa, na ufunguo wa chumba chako anao yeye. Leo ndiyo mwisho wake hapa!" Akakata simu.

Kikombe kilimponyoka Chiriku, kikadumbukia kwenye povu.

"Masikini, dada wa watu," mama alisema. "Na watoto anawalea peke yake."

Chiriku alimjua dada huyo. Wiki iliyopita alikuja kumjulia mama hali, akamsuka Chiriku nywele huku akimtania. Sasa angefukuzwa kazi. Lakini Chiriku akisema, je, mama naye akifukuzwa? Picha ameshaifuta. Akinyamaza, nani atajua?

"Chiriku, mbona kimya? Unaumwa?"

Machozi yakamtoka. "Mama, ni mimi."

Alieleza yote. Mama alijishusha kitini polepole, uso umembadilika. "Ataniuliza kwa nini niliacha kompyuta wazi," alinong'ona. "Kazi yenyewe ndiyo hii hii..." Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Mama akampigia meneja, akamkabidhi Chiriku simu. "Sema lako. Mimi nitasema langu."

"Shikamoo, Bwana Meneja."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mtoto wa karani wako. Ile picha nimeichora mimi, nikiwa huku nyumbani. Dada wa mapokezi hajui chochote. Naomba unisamehe."

"Mpe mama yako simu."

Mama hakujitetea. Alikiri kwamba kosa la kuacha kompyuta wazi ni lake. Meneja alifoka, akamwahidi barua ya onyo, kisha akashusha pumzi. "Kazi endelea nayo. Lakini funga hiyo kompyuta hata ukienda kunywa maji! Subiri, kuna mtu nataka umsikie."

Alikuwa dada wa mapokezi, analia. "Nilishachukua mkoba wangu, dada. Nilikuwa naaga. Nilikuwa najiuliza nikifika nyumbani niwaambie nini wanangu."

Simu ilipokatika, mama alimvuta Chiriku karibu. "Adhabu yako iko palepale, usijidanganye. Lakini nisikilize, mwanangu. Kuogopa si dhambi. Hata mimi umeniona nikiogopa. Dhambi ni kujificha nyuma ya woga wako, mwenzako akaangamia kwa kosa lako."

Chiriku alimkumbatia mama, akalia hadi bega la mama likalowa.