Mawe ya Kisima cha Zizini

Ng'ombe walikataa kunywa maji. Walikuwa wametoka bara kwa gari la moshi, ndimi nje, wakingoja meli ya Unguja, na bado walilizunguka lile hori jipya la mawe bila hata mmoja kuinamisha kichwa. Jaffar, mlinzi wa zizi la bandarini, alicheka tu. Mkewe Khairiya hakucheka. Horini mlikuwa mkipanda harufu ya udi, na hakuna aliyefukiza.

Siku ya tatu binti yao Hind, mtoto wa miaka saba, alirudi kutoka zizini hana sauti. Alijilaza kwenye mkeka, mwili moto, akihema kama mnyama aliyekimbizwa.

"Baba Hind," Khairiya alinong'ona, "mawe ya hori uliyatoa wapi?"

Jaffar alitazama chini. "Kwenye kile kisima cha kale, nyuma ya zizi. Bwana mwenye zizi alilitaka hori kabla meli haijafika. Nikavunja ukingo wake."

Maalim Taha, mganga wa Kibokoni, aliletwa adhuhuri ile ile. Alisoma, akafukiza, akamnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Ndipo kinywa cha Hind kikafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume mzee, ya upole, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nani aliyenivunjia nyumba?"

"Tutakujengea," Maalim alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeuliza nani."

Khairiya alimkumbatia mwanawe, na kadiri alivyomkaza ndivyo mwili ule mdogo ulivyozidi kupoa mikononi mwake, na ng'ombe upande wa pili wa ukuta wakaanza kuugonga kwa pembe, wote kwa mpigo mmoja, mpaka chokaa ikawadondokea vichwani, naye akamtazama mumewe kwa macho ya kuomba, asijue anamwomba nini.

"Ni mimi," Jaffar akasema. "Mwache mtoto. Nichukue mimi."

"Usiseme hivyo!" Maalim alimziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

Pembe zikanyamaza. Hind akafumbua macho. "Mama, nina njaa."

Khairiya alicheka huku analia. Akageuka amwambie mumewe, akakuta hayupo.

Alitoka mbio, akamwona zizini, amesimama katikati ya ng'ombe, mikono imening'inia, amelikodolea hori macho.

"Baba Hind!" aliita. "Jaffar!"

Ng'ombe wote wakageuka kumtazama. Jaffar peke yake hakugeuka.