Mteja wa Vidonge vya Amino

"Habari dokta. Nimeona tangazo lenu la vidonge vya amino asidi. Kweli vinarudisha nguvu za kiume?"

Ujumbe uliingia kwenye simu ya duka, kwa namba ngeni. Mimi si dokta, ni muuza dawa tu, na siku hiyo sikuwa na hamu ya mteja yeyote. Chini ya kaunta kulikuwa na begi langu la nguo. Jioni nilikuwa nahamia kwa dada. Mume anayehamia sebuleni ghafla ana mtu nje, nilishamaliza kulia.

"Vinasaidia baadhi ya watu, si wote," nilijibu. "Unatumia dawa ya presha?"

"Ndiyo. Nazificha kwenye kopo la rangi."

"Basi usivinywe kabla ya kumwona daktari, vinaweza kuishusha presha kupita kiasi. Na huenda presha ndiyo chanzo. Mkeo anajua?"

"Hajui. Nimemwambia nalala sebuleni kwa sababu nanuka rangi, nisimuumize kifua."

Maneno hayo hayo niliambiwa na mume wangu, fundi rangi.

"Mwambie ukweli," niliandika.

"Nimwambie nini, dokta? Mara ya mwisho alinipapasa mgongoni, nikajifanya nakoroma. Akalia. Nilisikia yote. Leo asubuhi sikuliona begi lake juu ya kabati. Niuzie tu, labda nitapona kabla hajaondoka."

Bibi mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi akayaona machozi yangu.

"Mwanangu, umefiwa?"

"Nilikaribia, mama."

Alipotoka, nikapiga ile namba.

"Haloo, dokta?"

"Si dokta. Ni mimi."

Nikasikia brashi ikidondoka sakafuni.

"Mke wangu? Si uko duka la mjini? Nilichagua la huko mbali makusudi, hata laini nikanunua mpya!"

"Nilihamishiwa huku wiki iliyopita. Hukuuliza, sikusema."

Ndivyo tulivyokuwa. Mazungumzo yetu nyumbani yalibaki "funga mlango" na "zima taa".

"Umesoma yote?"

"Hadi la kukoroma. Mwongo mkubwa wewe! Mimi nikajua una mwanamke."

"Mwanamke? Kwa hali hii?"

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Utaniacha?"

"Vidonge sikuuzii. Kesho tunaenda kwa daktari, wewe na mimi. Na leo unarudi chumbani."

"Lakini siwezi..."

"Nani kakuomba uweze? Njoo ulale. Nimechoka kulala peke yangu na mume ninaye."

Nikasikia akiiokota brashi.

"Nanuka rangi."

"Nimezoea."

Jioni nilimkuta mlangoni, mto wa sebuleni kwapani. Aliliona begi. Hakuuliza nilikuwa naelekea wapi. Alilipokea, akaingia nalo chumbani.

Tulipolala, alinigeuzia mgongo kwa mazoea. Nikanyoosha mkono, nikamgusa.

Safari hii hakukoroma.