Pale Katikati Palipotulia

Mwavuli wa ufukweni ulibaki mmoja tu dukani, na mikono iliyoushika ilikuwa miwili. Ilikuwa mwisho wa mwezi, duka limejaa, watu wanasukumana na vikapu. Fundi, mshonaji wa magauni ya maharusi, alikuwa amekamata mpini. Kijana mrefu, fulana yake ya bluu imepauka kwa dawa ya bwawa, alikuwa ameng'ang'ania ncha.

"Dada, mimi nimeuona kwanza."

"Kuona si kushika, kaka."

"Basi tugawane. Wewe ukae chini yake, mimi niushikilie."

Fundi akacheka. Ukicheka na nyani utavuna mabua, na yeye alijua hivyo, lakini kijana alikuwa na meno mazuri, tufanyeje?

Kumbe alikuwa mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la hoteli, na kila mtu alimwita Mwalimu. Haikupita muda wakawa hawalali bila kupigiana simu. Kilichobaki ni kuchagua ufukwe, huo mwavuli upate kazi.

"Wewe ukifika baharini unapenda nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kulala chali juu ya maji, basi. Kutwa nasikia cherehani, sitaki mipira wala spika. Wewe je?"

"Mawimbi na ubao wangu wa kuteleza juu yake."

"Tafuta palipo na vyote viwili. Si unajiita samaki?"

Mwalimu akaenda kuzizunguka fukwe. Ule wa karibu na stendi ulijaa wacheza mpira na muziki. Ule wa mawe ulifaa kutembea na viatu, si kuogelea. Alipofika wa tatu akapiga simu, furaha imemjaa.

"Mpenzi, nimepata. Mawimbi kushoto, mawimbi kulia, na katikati maji yametulia kama mtoto aliyeshiba. Pale katikati ni pako."

"Watu wapo?"

"Tele, ila wote wako kwenye mawimbi. Katikati hakuna hata mmoja."

"Mbona hivyo?"

"Watu wanapenda kelele tu. Maji ni maji, fundi wangu."

Mama yake Fundi alikuwa pembeni akipiga pasi shela, na simu ilikuwa kwenye spika. Akaiweka pasi kando.

"Mahali pazuri hivyo, tena pa bure, na hapana mtu," alisema. "Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mama nawe. Humpendi tu kwa sababu hajaja kujitambulisha."

"Nitamtambua atakapokurudisha."

Mimi nawaambia mapema, maana sipendi kumficha mtu hatari. Maji yale hayakutulia kwa upole. Mawimbi yakishasukuma maji ufukweni, maji hutafuta njia ya kurudi, na njia yenyewe ilikuwa pale katikati. Ndiyo maana hapakuwa na wimbi. Wenyeji walijua. Mwalimu alijua bwawa.

Jumapili Fundi alivaa vazi la kuogelea alilojishonea mwenyewe, la kijani kibichi, lenye mikono mirefu. Mwalimu akasimika mwavuli mchangani, wakaingia majini wameshikana mikono.

"Nilale?"

"Lala. Nimekushika."

Fundi akafumba macho. Masikio yalipozama, dunia ikanyamaza kama alivyokuwa akiomba siku zote. Alipofumbua macho, mwavuli ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati.

"Mwalimu, tuko mbali."

"Tunarudi," alijibu, lakini sauti haikuwa yake.

Akamvuta kuuelekea mwavuli moja kwa moja, kama mtu anayefuata ukuta wa bwawa. Akapiga maji, akapiga tena, na mwavuli haukukua. Pumzi zikaanza kumlia kifuani. Kisha Fundi akafunga kiganja na hakukuta kitu.

Aliita mara moja, akameza chumvi. Basi akafanya jambo pekee aliloliweza majini, akalala chali. Maji yakampeleka mpaka nje ya mawimbi, yakachoka naye, yakamwacha hapo. Mama mmoja mwenye ubao ndiye aliyemfikia.

"Shika hapa. Huko ulikotokea haturudi, maji yanavuta. Tunapita pembeni."

Walipotoka, Mwalimu alikuwa amepiga magoti mchangani, mawimbi yamemtupa hapo, anatapika. Fundi akampita. Akachukua mkoba wake, mwavuli akauacha.

Siku zilizofuata simu iliita mpaka ikachoka. "Aliniachia mkono, mama," Fundi alisema, na mama hakusema 'si nilikuambia'. Hilo lilimtisha Fundi kuliko bahari.

Hatimaye Mwalimu alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kushonea, akasimama katikati ya magauni meupe. Alikuwa amekonda.

"Nijibu moja tu," Fundi alisema. "Uliniachia kwa sababu ulijua nikielea nitapona?"

Uongo ulishapakuliwa tayari mbele ya Mwalimu. Ilikuwa kazi yake kuula tu. Akatazama sakafu.

"Hapana. Niliogopa kufa. Nilisahau kama upo. Siku hizi hata bwawani siingii, nikimshika mtoto mkono nauona wako. Nakupenda, na nilikuachia."

Fundi alilia. Alikuwa akiutamani ule uongo, na alijua asingeweza kulala karibu nao. Akajifuta machozi, akachukua futi ya kupimia.

"Lete mkono."

Akapima kifundo cha mkono wa Mwalimu, akapima chake. Akakata utepe kwenye satini ya maharusi, akaushona mara mbili, akamfunga.

"Mama anakusubiri uje kujitambulisha. Uje umeuvaa huu."

"Umenisamehe?"

"Bado. Labda tukizeeka. Na ufukwe nitachagua mimi, ule wa mipira na spika, wenye watu wa kutuona."

Ncha ya pili ya utepe akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, akauvuta kwa nguvu kuona kama utashika. Ukashika.

"Nikizama tena, tunazama wote."

Hakuwa anatania. Mwalimu alimtazama machoni, akasema ndiyo.