Gauni la Wifi

Kila asubuhi, kabla watoto hawajaenda shule, cherehani ya Fundi ilikuwa imeshaanza kulia. Mtaa mzima ulimjua. Alishona sare za shule, alishona mapazia, alitia hata viraka kwenye suruali za waashi, na hakuna mteja aliyeondoka bila kusaidiwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Tatizo ni kwamba mdomo wake nao ulikuwa mwepesi.

Mume wake alikuwa na dada mmoja, mwokaji mikate. Kanisani walimwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake. Fundi na wifi yake huyo waliimba kwaya moja, wakisimama bega kwa bega kwa miaka sita. Kila mchana Kinanda akitoka kazini alipitia shuleni, akawachukua watoto wa kaka yake, akawaleta nyumbani pamoja na mkate wa moto. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliwapenda hawa kama wake.

Mwaka huo kwaya ilimpa Fundi kazi ya kushona magauni kumi na manne. Kanisa lao jipya lilikuwa karibu kufunguliwa. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, wakayajaribu wote katika chumba kimoja. Zipu ya gauni la Kinanda ikagoma katikati ya mgongo.

"Wifi, umenibana," Kinanda alisema. "Humu hata pumzi haipiti. Nitaimbaje? Hivi ulinipima kweli?"

Fundi alikuwa hajalala vizuri kwa siku tatu. Watu wote walikuwa wanamtazama. Damu ikamchemka.

"Nilikupima vizuri sana," akajibu. "Sasa tumbo hilo la nini, na mtoto mwenyewe huna?"

Wanakwaya wawili wakacheka. Kinanda akavua gauni taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akaondoka.

Wiki nzima hakuonekana nyumbani kwa kaka yake. Watoto walirudi na jirani. Mume wa Fundi alikula, akasema asante tu, akatoka. Siku ya Ijumaa binti yao mdogo akapewa zamu ya kuombea chakula.

"Mungu, turudishie shangazi," akasema.

Wote wakaitika amina isipokuwa mama yake.

Kesho yake asubuhi Mkunga alikuja kuchukua gauni lake. Mama huyu naye aliimba kwaya, lakini siku ya ugomvi alikuwa zamu hospitalini, akasimuliwa baadaye. Alimkuta Fundi ameshika gauni la Kinanda na daftari la vipimo.

"Kumbe nimekosea mimi," Fundi alisema. "Nilifunua kurasa mbili kwa pamoja, nikakata kwa vipimo vya mtu mwingine. Basi nalirekebisha leo, na maneno yataisha."

Mkunga akavuta kigoda, akakaa. "Na kama usingekosea vipimo, mwenzangu? Lile neno lingekuwa sawa?"

Fundi akalifunga daftari.

"Sisi wodini tunachoka, na tunakoseana sana," Mkunga akaendelea. "Ndiyo maana tumejiwekea utaratibu. Mwenzako akikosea, mwite pembeni, muwe wawili tu. Taja jambo lililofanyika. Usiuguse mwili wake wala maisha yake. Sema, 'Mkasi haukuwa mahali pake.' Usiseme, 'Wewe mzembe.' Na hasira ikipanda, nenda kanawe mikono kwanza. Mimi kuna siku nilinawa mpaka sabuni ikaisha."

Fundi akacheka, na machozi yakamtoka palepale. "Na kama neno limeshatoka?"

"Nenda mwenyewe. Usimtume mumeo. Omba radhi, na usitie 'lakini.' Ukisema 'lakini nilikuwa nimechoka,' hapo umeanza kujitetea. Sisi ni watu wa kanisa moja. Hatuwezi kumwimbia Mungu huku tumemfukuza mwenzetu kwa maneno yetu."

Fundi akaifunika cherehani, akaenda moja kwa moja kwenye duka la mikate. Kinanda alikuwa anapanga mikate kwenye rafu.

"Wifi, nilikutukana. Nilikugusa kwenye kidonda, na nilijua ni kidonda. Nisamehe."

Kinanda aliendelea kupanga. Alipomaliza rafu nzima ndipo aliposema, "Nimekusamehe. Wewe ni ndugu yangu. Ila kwaya sirudi. Wote walisikia."

Fundi angeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshasamehewa, tena kuliko alivyostahili. Hakuondoka.

"Basi na hili watalisikia wote," akasema. "Njoo mazoezini jioni. Hata ukikaa mlangoni tu."

Jioni, akiwa ameshalirekebisha lile gauni, Fundi alisimama mbele ya kwaya, akalazimika kuanza mara mbili. Na huyu ni mwanamke ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

"Nilimtukana wifi yangu mbele yenu," akasema. "Gauni nililikosea mimi. Hata kama kosa lingekuwa lake, sikuwa na haki ya kusema vile. Nimemkosea yeye na nimemkosea Mungu. Naomba radhi."

Akaketi. Mmoja wa wale wawili akainuka. "Mimi nilicheka," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, dada."

Ujasiri wa Fundi ulistahili heshima. Lakini wa kuvuliwa kofia hasa ni Kinanda. Aliinuka mlangoni alipokuwa amekaa, akapita katikati ya watu walewale waliosikia tusi, akalichukua gauni lake mezani. Safari hii Fundi alikuwa ametundika shuka pembeni, ili kila mtu ajaribu nguo yake peke yake. Kinanda akaingia nyuma ya shuka, na Fundi akamfuata kumfungia zipu. Ilipanda mpaka juu.

"Vuta pumzi," Fundi akasema.

Kinanda akavuta pumzi ndefu. Badala ya kujibu, akaanza kuimba kulekule nyuma ya shuka, na kwaya yote ikampokea.

Jumatatu watoto walirudi na shangazi yao. Mkate ulikuwa bado wa moto. Binti mdogo akauombea, na mama yake ndiye aliyetangulia kusema amina.